Kukusanya Visu vya Vijana vya Ujerumani ya Kinazi Vilivyobadilishwa Vibao vya Mpini

Mkusanyaji anayeanza kutafuta visu vya vijana wa Ujerumani vya kati ya mwaka 1933 na 1945 hukutana mapema na kisu ambacho ubapa wake ni halisi na ala yake ni halisi, lakini mpini wake umevikwa vibao vya mti, vya pembe au vya plastiki angavu badala ya vile vyeusi vinavyojulikana. Wauzaji wengi hukiweka pamoja na vitu vilivyoharibika, na wanunuzi wengi hukipita bila kukishika. Kisu cha namna hiyo kinastahili kusomwa kabla ya kuhukumiwa, kwa sababu vibao vilivyobadilishwa mara nyingi hueleza yaliyokipata kisu baada ya vita kwa uwazi ambao kisu kisichoguswa hakina. Kazi ya mkusanyaji ni kutambua badiliko lilifanywa na nani, lini na kwa sababu gani, kisha kukihifadhi kisu bila kufuta ushahidi huo.

Kisu kilivyotoka kiwandani

Huwezi kutambua kilichobadilishwa kama hujui kilichokuwapo. Kisu kinachozungumziwa hapa kwa Kijerumani huitwa HJ-Fahrtenmesser, na kilianza kutolewa mwaka 1933 kwa ajili ya Hitlerjugend, jumuiya ya vijana ya chama cha Wanazi. Wavulana wa miaka 14 hadi 18 walikuwa katika Hitlerjugend yenyewe, na wale wa miaka 10 hadi 14 walikuwa katika tawi lake la Jungvolk. Sheria ya tarehe 1 Desemba 1936 iliwaweka vijana wote wa nchi chini ya jumuiya hiyo, na kanuni za tarehe 25 Machi 1939 zikaufanya utumishi ndani yake kuwa wa lazima. Mtoto wa Jungvolk hakuvaa kisu hiki mpaka afaulu mtihani uliomtaka akimbie mita 60 kwa sekunde 12, aruke mita 2.75, arushe mpira mita 25, na kukariri maneno ya kiitikadi aliyofundishwa. Mambo haya yanahusika moja kwa moja na ukusanyaji. Kisu hiki kilikuwa chombo cha kumfanya mtoto ajione askari kabla ya umri wake, na anayekikusanya bila kukumbuka hilo hataelewa kwa nini baadaye watu walikichokoa nembo na kukivika mpini mwingine.

Visu vingi vilitengenezwa Solingen, mji wa magharibi mwa Ujerumani wenye historia ndefu ya kufua visu na panga. Ubapa una urefu wa sentimita 14 hivi na makali upande mmoja, na umbo zima linafanana na singe ndogo: kilinda mkono kilichopinda upande mmoja na kichwa cha mpini kilichojikunja kama mdomo wa ndege. Sehemu za chuma za mpini zilipakwa nikeli. Kati ya kilinda mkono na kichwa kulikaa vibao viwili vya plastiki ngumu nyeusi, ambayo wakusanyaji wengi huiita bakelaiti, vilivyofinyangwa kwa vijiraba vidogo vilivyochongoka ili mkono usiteleze, na vilivyoshikwa kwa ribiti mbili zinazopita upande hadi upande. Katikati ya kibao cha mbele kulikuwa na nafasi ya umbo la almasi, na ndani yake nembo ya enameli nyekundu na nyeupe yenye swastika. Nembo hiyo ilishikwa na miguu midogo ya chuma upande wa nyuma. Ala ilikuwa ya chuma iliyopakwa rangi nyeusi, ikiwa na kitanzi cha ngozi cha kupitishia mshipi.

Alama za ubapani ndizo kalenda yako ya kwanza. Visu vya awali vina alama ya biashara ya mtengenezaji, na vingi vina maneno Blut und Ehre!, yaani Damu na Heshima, yaliyochorwa ubapani kwa asidi. Kuanzia katikati ya miaka ya 1930 ziliongezwa herufi RZM, kifupi cha Reichszeugmeisterei, ofisi ya chama iliyosimamia utengenezaji wa sare na vifaa, pamoja na namba ya mtengenezaji inayoanza na M7: kwa mfano M7/66 ni Carl Eickhorn, M7/42 ni WKC, na M7/27 ni Puma. Visu vya baadaye vina namba hiyo pamoja na mwaka, bila jina la mtengenezaji. Maneno ya ubapani yaliondolewa mwaka 1938, kwa hiyo kisu chenye alama ya RZM ya mwaka 1940 na maneno hayo pamoja kinapaswa kukutia shaka hata kama vibao vyake vinaonekana vizuri kabisa. Kisu cha viongozi wa vijana, kilichotolewa kuanzia mwaka 1937 na chenye mpini uliozungushiwa waya wa rangi ya fedha, ni kitu kingine chenye matatizo yake, nami nakiacha kando.

Sababu za kubadilisha vibao

Badiliko la kwanza ni matengenezo ya kawaida yaliyofanywa wakati kisu bado kikitumika. Plastiki hii ni ngumu lakini hupasuka ikigongwa, na kisu cha mvulana wa kambini kiligongwa kila siku, kwa kuwa kilitumika kukata kamba, kuchonga vijiti na hata kupigilia vigingi vya hema. Mafundi wa nyumbani walitengeneza kibao kipya kwa mti uliokuwa karibu, na wakati mwingine nembo ya zamani ilihamishiwa kwenye mti huo. Ukiona kibao kimoja tu kimebadilishwa na cha pili ni cha asili, anza kwa kufikiria sababu hii.

Badiliko la pili, ambalo kwangu ndilo lenye uzito zaidi, ni la wenyeji baada ya kushindwa. Tarehe 10 Oktoba 1945 Baraza la Udhibiti la mataifa washindi lilitoa Sheria Namba 2, iliyokivunja chama cha Wanazi na vyombo vyake, Hitlerjugend ikiwamo. Wajerumani walikuwa wameamriwa kusalimisha silaha, na kumiliki kitu chenye swastika kulikuwa hatari, lakini chuma kizuri hakikutupwa katika nchi iliyokosa vyombo vya jikoni na vya shambani. Familia nyingi ziling'oa nembo, zikasaga maneno ya ubapani kwa tupa au jiwe, zikavikwangua au kuvibadilisha vibao, kisha zikaendelea kumenyea viazi kwa kisu kilekile. Kisu cha namna hii huonyesha makali yaliyonolewa mara nyingi mpaka ubapa umekonda, na vibao vyake vipya huwa vya kazi, visivyo na urembo. Katika miaka iliyofuata, viwanda vya Ujerumani viliuza visu vya umbo lilelile kwa maskauti, vikiwa na nembo ya yungiyungi mahali pa swastika. Hivyo ndivyo visu vya baada ya vita kwa asili yao, na havipaswi kuchanganywa na vilivyobadilishwa.

Badiliko la tatu ni la askari wa mataifa washindi, hasa Wamarekani, waliochukua visu hivi kama kumbukumbu. Wengi wao walikuwa na muda mrefu wa kungoja meli ya kurudi nyumbani, na walikuwa na mabaki ya ndege zilizoanguka. Plastiki angavu ya Plexiglas, iliyoanza kuuzwa na kampuni ya Röhm & Haas ya Darmstadt mwaka 1933, ilitumika kwa vioo vya ndege, na askari waliikata wakatengeneza vibao vya bastola na visu. Baadhi waliweka picha ya mke au mchumba chini ya kibao angavu. Wengine walipanga matabaka ya plastiki za rangi mbalimbali na alumini. Kazi hizi zina wakusanyaji wake, na kibao cha Plexiglas kilichofanywa mwaka 1945 kina nafasi yake kama kitu cha vita.

La nne ni badiliko la kibiashara, ambalo hufanywa kwa ajili yako wewe mnunuzi. Mtu hupata ubapa halisi uliopoteza vibao, hununua vibao vipya vilivyofinyangwa kuiga vile vya zamani pamoja na nembo mpya, na kukiuza kisu kama kisichoguswa. Vipuri vya namna hii vimekuwa sokoni kwa miongo mingi, na vingine vimeshikwashikwa na kuchakaa kiasi cha kuonekana vya kale.

Namna ya kukichunguza

Weka kisu juu ya kitambaa cheupe mahali penye mwanga wa mchana, ukiwa na lenzi ya kukuza, kurunzi ndogo, sumaku, rula ya milimita na taa ya miali ya urujuanimno. Usifungue kitu chochote. Ribiti ikishatobolewa haiwezi kurudishwa ilivyokuwa, na ndiyo mara nyingi shahidi mkuu. Anza na ribiti hizo hizo. Za kiwandani zina vichwa vinavyolingana pande zote mbili, na vijiraba vya plastiki vinavyozizunguka havina majeraha. Ribiti iliyopigwa kwa mkono ina kichwa kisicho duara kamili, alama bapa za nyundo, na aghalabu michubuko midogo kwenye kibao pale nyundo ilipokosea. Jaribu sumaku juu yake, uandike inanata au hainati, kisha ulinganishe na visu vya alama ileile unavyovijua.

Kama badala ya ribiti kuna skurubu, itazame kichwa chake. Skurubu ya mfuo mmoja haisemi mengi, lakini skurubu ya msalaba ya aina iliyopewa hataza Marekani mwaka 1936 huelekeza mawazo kwenye mkono wa Kimarekani au kwenye kazi ya miaka ya baadaye. Ukipata skurubu iliyolegea ambayo inatoka kwa vidole, pima nyuzi zake: nyuzi zilizokatwa kwa vipimo vya inchi ndani ya kisu cha Solingen hazikuwekwa na kiwanda cha Solingen.

Kisha tazama mpaka kati ya kibao na chuma. Hapa mtu anapaswa kutulia na kuangalia polepole. Katika kisu kimoja nilichowahi kukishika, vibao vilikuwa vya mti wa rangi ya kahawia iliyoiva, vimeng'aa pale kidole gumba kinapokaa na kufifia karibu na kichwa cha mpini. Mti ulikuwa umesinyaa kwa upana, hivyo kati yake na chuma kulikuwa na ufa mwembamba kama unene wa karatasi, na ndani ya ufa huo kulijaa mchanganyiko mkavu wa mafuta na vumbi ambao haungeweza kuwekwa siku moja. Vichwa vya ribiti vilisimama juu kidogo ya mti, kwa sababu mti ulipungua na chuma hakikupungua. Kutu ya chini ya kilinda mkono ilikuwa imeingia kwenye nyuzi za mti na kuutia doa jeusi ambalo lilifuata mkondo wa nyuzi hizo. Ishara hizo zikikaa pamoja hutoa picha ya badiliko la zamani. Mti mpya uliotiwa rangi huwa mweusi sawasawa kila mahali, hata pale ambapo mkono haufiki, na ufa wake una nta au rangi badala ya uchafu.

Nuru ya kurunzi ikipitishwa kwa ulalo itaonyesha pia kama kuna gundi. Gundi za epoksi zilianza kuuzwa mwishoni mwa miaka ya 1940, na gundi za haraka za saianoakrilati zilifika madukani mwaka 1958, kwa hiyo gundi ya aina hizo chini ya kibao ina tarehe yake ya mwanzo. Katika giza, taa ya urujuanimno hufanya epoksi nyingi ziwake kwa mng'ao wa buluu nyeupe kandokando ya kibao. Hata hivyo gundi huweza kuwa ya mtu aliyekaza kibao kilicholegea miaka mingi baada ya kibao chenyewe kutengenezwa, na hapo itakupa tarehe ya gundi tu.

Kwa vibao vyeusi vinavyodaiwa kuwa vya asili, angalia ukali wa vijiraba. Plastiki iliyofinyangwa kwenye kalibu ya kiwanda ina ncha zinazofuatana kwa mistari iliyonyooka mpaka ukingoni, na uchakavu wake hupungua taratibu kutoka katikati ya shavu la mpini kuelekea pembezoni. Nakala iliyomwagwa kwenye kalibu iliyochukuliwa kutoka kibao cha zamani hurithi mikwaruzo ya kibao hicho ikiwa imelainika, na huwa na vitundu vya viputo vya hewa kati ya vijiraba. Plastiki ikisinyaa katika kumwagwa, nafasi ya almasi hupungua, na nembo halisi haikai vizuri ndani yake. Usichome plastiki kwa sindano ya moto kama baadhi ya watu wanavyoshauri. Bakelaiti haiyeyuki kwa joto na plastiki nyingi za kisasa huyeyuka, hilo ni kweli, lakini jeraha la sindano hubaki daima, na lenzi itakupa jibu hilohilo bila kuharibu.

Nembo ichunguzwe peke yake. Enameli halisi ni kioo kilichoyeyushwa juu ya metali, na chini ya lenzi ina kina, viputo vidogo sana na mpaka mkali kati ya rangi. Rangi ya kawaida au utomvu wa plastiki huonekana laini na kujivimbisha kwenye kingo. Pale nembo ilipong'olewa, tafuta ndani ya nafasi ya almasi vijitundu vya miguu yake na mikwaruzo ya ncha ya kisu kingine kilichotumika kuichokoa. Mikwaruzo yenye uchafu wa zamani ndani yake ni ya zamani, na yenye plastiki safi inayong'aa ni ya juzi. Nembo iliyorudishwa juu ya mikwaruzo ya zamani ndiyo hila inayowanasa wengi, kwa kuwa kibao ni halisi, nembo huenda ni halisi, ila hazikuzaliwa pamoja.

Mwishoni tazama ala na ubapa kama mashahidi wa mpini. Kisu kikiwa kimeishi ndani ya ala yake kwa miaka, mikwaruzo mirefu ya ubapani hulingana na mdomo wa ala. Vibao vilivyochakaa sana juu ya ubapa usio na mkwaruzo, au ubapa uliokonda kwa kunolewa chini ya vibao vyenye vijiraba vikali, ni mambo yasiyopatana, na mtu anayeuza anapaswa kuyaeleza.

Kununua

Usilipe bei ya kisu kisichoguswa kwa kisu chenye badiliko lolote, hata likiwa zuri. Badiliko la jikoni hushusha bei sana, la askari hushusha kidogo na wakati mwingine huivutia bei juu likiwa na jina, kikosi au picha, na la kibiashara lilipwe kama ubapa na ala tu. Dai la kwamba kibao kilitengenezwa na askari fulani lisiongeze bei bila barua, picha au karatasi inayoambatana na kisu. Ningependa pia kumshauri anayeanza anunue mapema kisu kimoja chenye vibao vya asili vilivyopasuka, ambacho hakitamgharimu sana, akitumie kama kipimo cha kulinganishia unene, umbo la vijiraba na vichwa vya ribiti. Anayeweza kufika Solingen aende kwenye Deutsches Klingenmuseum, jumba la makumbusho ya visu na panga lililoko Gräfrath, akajifunze jinsi kazi za mafundi wa mji huo zinavyoonekana zikiwa salama.

Kutunza bila kufuta

Kishawishi kikubwa ni kung'oa vibao vya mti na kuweka vya plastiki nyeusi ili kisu kirudi kilivyokuwa. Nawasihi wasomaji wasifanye hivyo. Kisu hakitarudi kilivyokuwa mwaka 1937, na kile kilichofanywa na mama wa nyumbani mwaka 1946 au na askari aliyekuwa akingoja meli hakitapatikana tena. Kama kisu kilikujia bila vibao kabisa na unataka kukilinda kwa vibao vipya, chora upande wa ndani wa kila kibao alama ya kudumu yenye mwaka wa kutengenezwa, tumia skurubu zinazofunguka badala ya ribiti, na usiweke nembo.

Futa ubapa kwa kitambaa laini chenye mafuta mepesi ya madini, kisha upake nta nyembamba ya makumbusho. Usiusugue kwa dawa ya kung'arishia, kwani maneno yaliyochorwa kwa asidi hayana kina na hufutika. Mti upate nta kidogo tu, bila mafuta ya kupikia ambayo huoza na kunata. Plexiglas isiguswe na spiriti, asetoni wala dawa za vioo zenye amonia, maana huipasua nyufa ndogo zisizorekebika. Vibao vya sululoidi, aina ya plastiki ya zamani, vinahitaji tahadhari zaidi: vikizeeka hutoa mvuke wenye asidi unaokula chuma na ngozi, kwa hiyo kisu hicho kihifadhiwe peke yake penye hewa. Ubapa usikae ndani ya ala kwa muda mrefu, kwa sababu ala hushika unyevu na kutu huanza mahali usipoona. Unyevu wa hewa katika kabati ukiwa chini ya asilimia 50, chuma kitakuwa salama zaidi.

Sheria na kumbukumbu

Nchini Ujerumani, kifungu cha 86a cha sheria ya jinai kinakataza kuonyesha hadharani na kusambaza alama za mashirika ya Kinazi, isipokuwa kwa madhumuni kama elimu, sayansi, sanaa na kueleza historia. Wengi hudhani kisu kilichong'olewa nembo kimetoka moja kwa moja nje ya katazo hilo, lakini maneno Blut und Ehre yalikuwa wito wa Hitlerjugend, nayo pia yamo katika katazo, hivyo kisu chenye vibao vya mti na ubapa wenye maneno kinapaswa kufunikwa kinapoonyeshwa hadharani. Wauzaji wa Ujerumani hubandika kipande cha karatasi juu ya alama. Kifungu cha 42a cha sheria ya silaha ya nchi hiyo kinazuia kubeba hadharani visu vya mpini usiokunjika vyenye ubapa unaozidi sentimita 12, na hiki kinazidi. Austria ina sheria yake ya alama ya mwaka 1960. Soma sheria ya nchi unakonunua na ya nchi unakopeleka kabla ya kutuma kifurushi.

Kila kisu kiwe na kadi yake. Andika alama zote za ubapani kama zilivyo, vipimo, mali ya vibao, aina ya ribiti, matokeo ya sumaku na taa, ulikinunua lini na mwuzaji alisema nini, na utenganishe waziwazi ulichokiona na unachokidhani. Piga picha za pande zote mbili za mpini pamoja na rula, na picha ya karibu ya kila kichwa cha ribiti. Siku ukikiuza, kadi iende pamoja na kisu, na tangazo lako litaje badiliko la vibao katika sentensi ya kwanza, kabla ya jina la mtengenezaji na kabla ya bei.